Dau Lisilosomeka: Vita vya Kisenyi, 1914–1916

Muhula uliopita wenzangu wa chumbani walinifundisha mchezo wa karata uitwao poka. Fedha hatukuwa nazo, kwa hiyo tulichezea punje za maharagwe, kila mmoja punje hamsini. Kwa muda wa wiki mbili nilishindwa kila usiku, hata siku nilizopata karata nzuri. Hatimaye mmoja wao alinionea huruma akaniambia kosa langu. "Ukiwa na karata nzuri unaweka punje kumi. Ukiwa na mbaya unaweka mbili. Sisi hatuna haja ya kuziona karata zako, tunahesabu maharagwe tu." Ilikuwa kweli. Nilipoweka kumi wote walijitoa, nikapata punje mbili tatu zilizokuwa katikati. Nilipoweka mbili walipandisha dau, nikajitoa mimi.

Wakati huohuo nilikuwa nasoma juu ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia katika mji nilikozaliwa, Gisenyi, makao ya Wilaya ya Rubavu. Katika maandishi ya wakati wa Wajerumani mji huo huitwa Kisenyi. Tangu Septemba 1914 hadi Mei 1916 jeshi dogo la Wajerumani lililindia hapo mpaka wa Rwanda dhidi ya jeshi la Wabelgiji lililokuwa na uwezo wa kuleta watu wengi zaidi. Swali la insha hii ni hili: mwenye kidogo aliwezaje kumzuia mwenye kingi kwa muda wa miezi ishirini hivi? Naona kwamba sehemu ya jibu inapatikana katika kosa nililofanya chumbani. Jeshi lile halikuruhusu ukubwa wa mashambulizi yake usomeke. Lakini pia nitaonyesha kwamba mbinu hiyo ilikuwa na kikomo, na kwamba gharama yake ililipwa na watu ambao hawakuketi mezani kabisa.

Kabla ya kuingia katika vita, ni lazima tueleze mchezo wenyewe, kwa sababu si kila msomaji anaujua, na wengi wanaouchukulia kama kamari tupu wanaupunja. Sisi Wanyarwanda tuna mchezo wetu wa igisoro, ambao ni ndugu wa bao la pwani. Ubao wake una mashimo 32 katika safu nne, na kete zake ni 64. Kete zote ziko wazi. Ninachokiona mimi, mpinzani wangu anakiona, na anayeshinda ni yule anayehesabu mbali zaidi. Katika igisoro hakuna cha kuficha. Poka ni kinyume chake: karata zangu nazijua peke yangu, na njia kuu ya mpinzani kujua niliyo nayo ni kulitazama dau langu. Dau, basi, lina kazi mbili. Ni mali niliyoiweka hatarini, na pia ni maneno ninayomwambia mpinzani, nitake nisitake.

Wataalamu wa hisabati waliliona jambo hili mapema. Mfaransa Émile Borel aliandika juu ya michezo ya namna hii mwaka 1921. John von Neumann, mzaliwa wa Budapest, alitoa mwaka 1928 uthibitisho wake maarufu kuhusu michezo ya watu wawili, na mwaka 1944 yeye na Oskar Morgenstern walichapisha kitabu kikubwa ambamo poka ina sehemu yake. Walifikia jambo ambalo mtu wa kawaida hulishangaa: mchezaji mzuri hana budi kuweka dau kubwa mara nyingine akiwa na karata mbovu kabisa. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kuonekana mwenye nguvu wakati ni dhaifu. Ya pili, na ndiyo niliyokuwa sijaielewa, ni kuonekana dhaifu wakati ana nguvu. Mpinzani akishakukamata mara moja ukitisha bila kitu, siku utakapokuwa na karata nzuri kweli hatakimbia. Atalipa ili aone.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme katikati ya meza kuna faranga 1,000. Mimi naweka 500. Mpinzani anatakiwa kulipa 500 ili agombee 1,500, kwa hiyo akiwa sahihi mara moja tu katika mara nne, hapotezi. Nikiweka 1,000, analipa 1,000 ili agombee 2,000, na sasa anahitaji kuwa sahihi mara moja katika mara tatu. Maana yake ni kwamba kila ukubwa wa dau una kiasi chake cha vitisho vitupu unavyoweza kubeba: dau la nusu moja katika nne, dau kamili moja katika tatu. Nikizidisha, mpinzani atanilipisha. Nikipunguza, hatanilipa nikiwa na karata nzuri. Kwa hiyo kubadilisha ukubwa wa dau ovyoovyo hakusaidii. Kinachosaidia ni kwamba ndani ya kila ukubwa, mkubwa au mdogo, kuwe na karata nzuri na mbaya, ili ukubwa wenyewe usiseme lolote.

Sasa turudi ziwani. Mpaka kati ya Kongo ya Wabelgiji na Afrika Mashariki ya Kijerumani katika eneo la Kivu ulikubaliwa mwaka 1910. Goma na kisiwa cha Idjwi vikawa upande wa Kongo, Kisenyi ikawa upande wa Rwanda. Miji hii miwili inagusana. Hata leo mtu hutoka mmoja akaingia mwingine kwa miguu. Kaskazini kuna milima ya volkano, kusini kuna ziwa lenye urefu wa karibu kilomita 90. Mji uko katikati, na mto Sebeya unaingia ziwani karibu nao.

Vita vilipoanza Agosti 1914, Wabelgiji walitumaini kwamba Kongo ingebaki nje. Matumaini hayo yalikufa tarehe 22 Agosti, meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann ilipoushambulia mji wa bandari wa Lukuga kwenye Ziwa Tanganyika. Nchini Rwanda, Mkazi wa Kijerumani, Richard Kandt, alikuwa likizoni Ulaya. Uongozi ukashikwa na Kapteni Max Wintgens. Hali yake haikuwa ya kuonewa wivu. Jeshi lote la Wajerumani katika koloni lilikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 katika kampuni 14, wametawanyika kutoka pwani hadi maziwa, na jemadari mkuu Paul von Lettow-Vorbeck alihitaji wengi wao upande wa Kilimanjaro, kwenye mpaka wa Waingereza. Kisenyi ilikuwa na kampuni moja ya kudumu, ya kumi na moja. Wintgens aliongeza nguvu kwa wasaidizi wa kienyeji. Mwami Yuhi Musinga, ambaye utawala wake ulikuwa umefungamana na Wajerumani, alitoa vijana waliopewa bunduki na mafunzo, wakaitwa Indugaruga, jina lililotokana na neno rugaruga linalojulikana kwa kila msomaji wa historia ya bara.

Kwa lugha ya mezani, Wintgens alikuwa mchezaji mwenye punje chache. Mchezaji wa namna hiyo ana njia mbili za kupoteza. Akikaa kimya akingojea, mpinzani ataendelea kukusanya nguvu, na siku akija, atakuja akijua hasa anakabiliana na nini. Akishambulia kwa nguvu zake zote kila mara, punje zitakwisha. Matukio ya miezi ile yanaonyesha kwamba hakuchukua njia yoyote kati ya hizo mbili.

Mnamo Septemba 1914 Wajerumani walivuka maji wakakiteka kisiwa cha Idjwi. Hilo lilikuwa dau kubwa kwa jeshi dogo, na lilifika mapema, kabla Wabelgiji hawajajipanga. Faida yake haikuwa ardhi tu. Mwenye kisiwa kilicho katikati ya ziwa anaweza kuhamisha watu kwa maji kwenda ufuko wowote, na aliye ng'ambo hana njia rahisi ya kujua boti zitaelekea wapi. Mwezi uliofuata Wabelgiji walijibu kwa kuishambulia Kisenyi yenyewe, wakarudishwa nyuma. Januari 1915 Wajerumani waliishambulia ngome iliyokuwa karibu na Ziwa Chahafi, kusini mwa Uganda, walikokuwa Waingereza pamoja na Wabelgiji. Ngome ilihimili, washambulizi wakaondoka. Septemba 1915, mbali upande wa kusini, katika bonde la Ruzizi, Wajerumani wa upande wa Burundi waliishambulia Luvungi, nao hawakufanikiwa. Katikati ya matukio hayo makubwa kulikuwa na doria, uvamizi wa usiku na milio ya risasi kati ya mahandaki ya pande mbili za mpaka.

Tukiyatazama matukio haya kwa macho ya kawaida ya vitabu vya vita, tutaandika ushindi mmoja, utetezi mmoja na kushindwa mara mbili. Lakini tukijiweka mahali pa ofisa aliyekuwa Goma, tunaona jambo jingine. Usiku anasikia bunduki upande wa mto. Je, hao ni watu kumi waliokuja kunasa mlinzi, au ni mwanzo wa jambo kubwa kama lile la Idjwi? Kama Wajerumani wangekuwa na desturi ya kuanza shambulio kubwa kwa namna moja na doria kwa namna nyingine, angeweza kulala. Desturi hiyo haikuwepo. Alilazimika kuweka watu kila mahali palipoweza kushambuliwa, na jeshi lililowekwa kila mahali halina uzito popote. Hata mashambulizi yaliyoshindwa, Chahafi na Luvungi, yalifanya kazi ile ambayo kitisho kilichokamatwa hufanya mezani: yaliwafundisha maadui kwamba dau kubwa linaweza kutokea mahali popote, likiwa na nguvu nyuma yake au bila nguvu.

Hapa ni lazima nijihadhari. Mwanafunzi wa historia akipata mfano mzuri huwa mwepesi wa kuufanya ueleze kila kitu. Wabelgiji hawakutulia mwaka 1915 kwa sababu ya Wintgens peke yake. Jeshi la Kongo, Force Publique, lilikuwa limeundwa kwa ajili ya kuwatawala watu wa ndani, likiwa limetawanyika katika nchi kubwa isiyo na barabara. Baadhi ya askari wake walipelekwa Kameruni kuwasaidia Wafaransa, wengine wakawasaidia Waingereza mpakani mwa Rhodesia ya Kaskazini. Serikali ya Ubelgiji ilikuwa uhamishoni Ufaransa, nchi yake ikiwa mikononi mwa Wajerumani. Pia Wintgens hakubadilisha ukubwa wa mashambulizi kwa kuwa alikuwa amesoma hisabati ya Borel, ambayo ilikuwa bado haijaandikwa. Alibadilisha kwa sababu watu, risasi na chakula alivyokuwa navyo vilibadilika. Mwenye uhaba hawezi kurudia jambo lilelile kila mara hata akitaka. Ninachodai ni kidogo zaidi: kwamba hali hiyo ya kutosomeka, iwe imekusudiwa au imeletwa na uhaba, ilimfanya adui alipe ulinzi wa gharama kubwa kuliko nguvu iliyokuwa mbele yake.

Kikomo chake kilionekana Aprili na Mei 1916. Jenerali Charles Tombeur alikuwa sasa amekusanya karibu askari 12,000, brigedi ya kaskazini chini ya Kanali Molitor na ya kusini chini ya Kanali Olsen. Wachezaji wa poka wana msemo wao kwamba huwezi kumtisha mtu asiyejali kulipa. Mwenye punje mia tano anaweza kumlipa mwenye hamsini kila mara ili aone karata zake, na hiyo ndiyo inayofanya vitisho vikose thamani. Lakini Tombeur alifanya zaidi ya hapo. Hakujaribu tena kukisia kilichokuwa nyuma ya mto Sebeya. Sehemu ya brigedi ya Molitor ilibaki ikiishughulisha Kisenyi, na sehemu nyingine ikaingia Rwanda kutoka upande wa kusini mwa Uganda, ikaelekea moja kwa moja Kigali, ikaingia tarehe 6 Mei 1916. Tangu hapo mahandaki ya Kisenyi hayakuwa na maana, kwa kuwa njia ya nyuma ilikuwa inafungwa. Wintgens aliuacha mji bila kushindwa katika mji wenyewe. Wabelgiji walifika Nyanza, makao ya Mwami, mwezi huohuo, na tarehe 19 Septemba 1916 wakaingia Tabora.

Fundisho la sehemu hii, kwa maoni yangu, ni kwamba kutosomeka hulinda tu maadamu mpinzani bado anajibu dau lako. Akiacha kujibu, akazunguka na kuchukua nyumba ambamo meza imewekwa, ufundi wote umekwisha. Wintgens mwenyewe alionekana kulijua hilo. Mwanzoni mwa 1917 alijitenga na jeshi lililobaki, akaelekea kaskazini na kikosi chake bila amri, akivuka katikati ya Tanzania ya leo huku Waingereza na Wabelgiji wakimkimbiza. Aliugua homa, akajisalimisha kwa Wabelgiji Mei 1917. Ofisa aliyemrithi, Heinrich Naumann, aliendelea kuzunguka kwa miezi mingine kadhaa kabla ya kukamatwa. Safari ile ilikuwa mbinu ileile ya Kisenyi, safari hii bila mji wa kulinda. Ilichosha maelfu ya askari waliomfuata, lakini haikubadilisha matokeo ya vita.

Mpaka hapa nimeandika kama watu wengi wanavyoandika juu ya kampeni hii, yaani kwa kumtazama ofisa na akili zake. Nilipofika hapa katika kusoma kwangu ndipo nilipoona kwamba mfano wa poka una tundu kubwa, na tundu hilo ndilo linalonifanya niiandike insha hii. Mezani, punje ninazoweka ni zangu. Kisenyi, punje za nani ziliwekwa?

Kila doria ilikula. Kila kikosi kilichohama kutoka kisiwani kwenda mtoni kilihitaji wapagazi, kwa sababu katika nchi hii hapakuwa na reli wala magari. Mahindi, maharagwe, mbuzi na ng'ombe wa askari walitoka kwa wakulima na wafugaji wa Bugoyi, eneo linaloizunguka Gisenyi, na wapagazi walitoka katika nyumba hizohizo. Kwa miezi ishirini eneo hilo lililisha jeshi moja. Kisha mwaka 1916 likaja jeshi la pili, kubwa zaidi, lenye mahitaji makubwa zaidi. Hukadiriwa kwamba Wabelgiji walitumia wapagazi wapatao 260,000 katika kampeni yao yote ya Afrika Mashariki. Mtu aliyebeba mzigo wa risasi wakati wa kulima, shamba lake halikulimwa.

Matokeo yake yana jina katika Kinyarwanda: Rumanura. Ni njaa iliyoipiga kaskazini-magharibi mwa Rwanda kati ya 1916 na 1918, na Bugoyi ilikuwa kati ya sehemu zilizoumia zaidi. Watu wengi walikufa, wengine walihama wakitafuta chakula sehemu nyingine za nchi. Katika historia ya vita, mwezi Mei 1916 ni mwisho wa ukurasa wa Kisenyi. Katika historia ya Bugoyi, ndio wakati mambo yalipozidi kuwa mabaya.

Nikiirudia sasa hesabu ya dau, naiona tofauti. Mbinu ya kubadilisha ukubwa wa mashambulizi husifiwa kwa kuwa inamwokolea mwenye kidogo watu na mali. Kweli inaokoa, kama tunahesabu askari wa Wintgens tu. Lakini mbinu hiyo inafanya kazi kwa kurefusha mchezo, na mchezo ukirefuka, anayelipa ni yule anayelisha meza. Kila mwezi ambao adui alibaki akikisia ulikuwa mwezi mwingine wa kutoa mahindi na kubeba mizigo kwa mkulima wa Bugoyi, ambaye hakuulizwa kama anataka dau kubwa au dogo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaouandika utetezi wa Kisenyi kama hadithi ya ustadi peke yake. Ustadi ulikuwepo. Hesabu yake haijakamilika mpaka Rumanura iandikwe upande wa matumizi.

Kwa wanafunzi wenzangu nina pendekezo moja. Tunaposoma vita vya maofisa, tuwe na desturi ya kuuliza dau lilitoka mfuko wa nani. Swali hilo halihitaji nyaraka za siri. Linahitaji kutazama jeshi lilikula nini, lilibebwa na nani, na msimu gani wa kilimo ulipita wakati huo.

Chumbani kwetu bado tunacheza. Nimejifunza kuweka punje kumi nikiwa na karata mbovu na punje kumi nikiwa na nzuri, na wenzangu sasa wanapata taabu kunisoma. Tukimaliza, maharagwe tunayarudisha kwenye mfuko, na jioni ya pili tunayapika. Watu wa Bugoyi hawakurudishiwa ya kwao.